Kufunga akaunti hakutoshi
Kuna mwandishi anayesema eti mitandao ya kijamii ikifunga akaunti za wenye itikadi kali, uenezi wao utakatika. Sikubaliani naye. Septemba 2013, jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi likiwa bado limezingirwa, Al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia lililolishambulia, walikuwa wanajitapa Twitter. Wakifungiwa akaunti hii, wanafungua nyingine. Na huku kwetu Kwale, Pwani ya Kenya, chambo hakiji na bendera nyeusi. Mpwa wangu alianza kutumiwa klipu za sauti WhatsApp, Kiswahili safi kabisa, kuhusu vijana kukosa kazi na kunyanyaswa, mambo ambayo anayaona kwa macho yake. Ahadi ya mshahara ng'ambo ya mpaka ilikuja baadaye. Tulishtuka alipoanza kulala na simu chini ya mto. Wazazi wenzangu, mnajua wanenu wanatumiwa nini usiku?