Kitabu cha Charles Young hakikuwa kazi ya pembeni
Makala moja niliyoisoma inasema kitabu cha Charles Young, ofisa Mweusi wa jeshi la Marekani, kilikuwa kazi ya pembeni ya askari mwenye muda wa ziada. Sikubali hata kidogo. Huyu alihitimu West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, mwaka 1889, Mweusi wa tatu kuhitimu hapo, akafundisha Chuo Kikuu cha Wilberforce, akaishi Haiti kama mwambata wa kijeshi. Ndipo akaandika juu ya ari ya wapiganaji wa mataifa na jamii mbalimbali, akipinga imani iliyotapakaa jeshini wakati ule kwamba ushujaa hufuata rangi ya ngozi. Kwake, askari hujengwa na mafunzo na namna anavyotendewa. Hebu fikiria ofisa anayewapigia saluti watu wenye imani hiyo, huku akitafuta wa kumchapishia hoja ya kuwapinga! Kitabu kilitoka 1912 kwa wachapishaji wa Kansas City. Mimi mswada wangu wa historia ulirudishwa mara mbili na mchapishaji mmoja bila kufunguliwa, kamba niliyoifunga ikiwa vilevile, kwa hiyo hilo neno "pembeni" limeniuma. Kuna aliyewahi kukishika kitabu chenyewe, au kukiona kwenye maktaba yoyote huku kwetu?