The Farm ya Tennessee na mfuko uliomshinda kila mtu

Mwaka 1971 msafara wa mabasi chakavu ya shule, uliotoka San Francisco na kuzunguka Marekani, uliishia porini karibu na Summertown, Tennessee. Mabasi yalibeba mamia ya mahipi, vijana walioyapa kisogo maisha ya kawaida ya Marekani, waliomfuata Stephen Gaskin, aliyekuwa mwalimu wa chuo. Wakanunua ardhi, wakaiita The Farm. Sharti la kujiunga lilikuwa zito: ulichonacho chote unakitia kwenye mfuko wa pamoja.

Wengi husema jumuiya za namna hii huuawa na uvivu. Kwa hii, sikubaliani nao hata kidogo. Watu hawa walianza kwa kulala ndani ya mabasi na mahema ya jeshi, wakalima soya, wakaisaga na kuichemsha kupata maziwa na tofu (aina ya jibini la soya), maana hawakugusa nyama, mayai wala maziwa ya ng'ombe. Mwaka 1974 wakaunda shirika la misaada, Plenty, na tetemeko lilipoibomoa Guatemala mwaka 1976, mafundi wao walikwenda kujenga.

Kilichowaponza ni kutoweza kumwambia mtu hapana. Mjamzito asiyeweza kulea alikaribishwa ajifungue bure, na mtoto angelelewa hapo. Huruma hiyo naiheshimu sana. Lakini wakazi walipita 1,200, wakiwemo watoto wengi, na mfuko ulikuwa uleule. Madeni ya kilimo na bili za hospitali yakawafika shingoni.

Mwaka 1983 mfuko ukavunjwa: kila mtu mzima ajitafutie kipato na alipe ada. Wanaotetea uamuzi huo wanasema bila hivyo shamba lingechukuliwa na wadai, na nadhani wana haki. Ila wapo waliotoa kila kitu wakiwa vijana, kisha wakaambiwa wajitegemee. Wengi mno waliondoka, na uchungu wao hauponywi na hesabu.

Kilichonigusa zaidi ni wakunga. Ina May Gaskin na wenzake walianza kuzalisha wanawake njiani, ndani ya mabasi yale, bila kusomea popote. Katika takwimu zao wenyewe, waliopasuliwa hawafiki asilimia 2 ya waliojifungua. Hawa hawakuacha kazi mfuko ulipovunjika, na mwaka 2011 Ina May alipewa tuzo ya Right Livelihood, ambayo wengi huiita Nobel mbadala.

Leo wamebaki watu wapatao 200. Kila mmoja ana pesa zake, lakini ardhi bado ni ya wote.