Karoti za lami: nani ashike ushahidi wa barabara ya peaji?

Kwenye foleni ya malori kuelekea Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo yetu na Zambia, utasikia kauli mbili. Mmoja: peaji, yaani ushuru wa kupita barabarani, inatukamua. Mwingine: afadhali peaji kuliko mashimo. Mazungumzo yetu ya Lubumbashi huishia hapo, na yule aliyepaswa kuipima lami kabla hatujaanza kuilipia hatajwi kabisa.

Sheria ya ubia wa serikali na sekta binafsi tunayo tangu Julai 2018, namba 18/016. Swali linarudi kila mradi unapotajwa, sasa hivi ule wa Kasomeno kuelekea Luapula na Zambia: mbia anayejenga na kutoza awekewe mkaguzi wa ubora asiye wake?

Wanaokataa si wajinga. Anayejenga ndiye atakayeitunza barabara miaka 20 au 25, kwa hiyo akilipua kazi hasara ni yake. Laboratwari anayo palepale kwenye eneo la kazi. Mtu wa tatu ni gharama, ni saini nyingine ya kungojewa, na kiangazi chetu cha kujengea ni kama Mei hadi Oktoba tu. Halafu tusidanganyane, mkaguzi naye ana mfuko.

Sawa. Ila hoja hiyo inamchukulia mkaguzi kuwa polisi. Mimi namwona shahidi.

Kuna hesabu inayoninyima raha. Tangu majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, wahandisi hukadiria kwamba madhara ya ekseli (mhimili wa magurudumu) hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Barabara ikisanifiwa kwa ekseli ya tani 10, ukaipitishia ya tani 13, uzito umezidi kwa asilimia 30 tu, lakini madhara yamekaribia mara tatu: 1.3 izidishe kwa yenyewe hadi kipeo cha nne, unapata 2.86. Ekseli zote zikiwa hivyo, barabara ya miaka 15 inakwisha kwa mitano na ushee. Sasa zifikirie kamio, yaani malori, za shaba na kobalti zinazotoka Kolwezi, zikapita Likasi na hapa kwetu, usiku na mchana.

Barabara ikipasuka, mjenzi atasema ni uzito, na huenda anasema kweli. Lakini tabaka la chini lisiloshindiliwa vizuri nalo huleta nyufa zilezile za ngozi ya mamba, na mvua ya Januari inamalizia kazi. Ukisimama kando ya barabara ukatazama, hutajua nani aliua.

Jibu liko kwenye karoti. Ndivyo tunavyoziita, kwa kufuata Kifaransa, zile sampuli za mviringo zinazochimbwa kwenye lami: unaona unene, unapima msongamano. Lakini lazima zitolewe siku za ujenzi, mahali palipochaguliwa na mtu asiyelipwa na mjenzi pekee. Mjenzi akichagua mwenyewe, anajua vizuri roli la kushindilia lilipita wapi mara nne na wapi mara nane. Hata mjenzi mwaminifu anazihitaji. Bila hizo, atawathibitishia vipi wenye mizigo kwamba ni wao?

Na ile “hasara ni yake”? Texas, Marekani, walikuwa na sehemu ya 5 na 6 za barabara ya peaji ya SH 130, kilomita 66 hivi, zilizofunguliwa 2012. Magari hayakufika kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2016 kampuni ya ubia ikaomba ulinzi wa muflisi. Lami nayo ilikuwa na kasoro, na wamiliki wapya wakawafungulia wajenzi kesi. Wajenzi hao walikuwa ndugu wa kampuni iliyoshika mkataba. Ndugu kumkagua ndugu, tunajua huishia wapi.

India, katika mkataba wao wa kielelezo, mhandisi huru huteuliwa na mamlaka na mbia hurudisha nusu ya malipo yake. Ni bora kuliko mjenzi kujikagua, ingawa mamlaka nayo huwa na haraka ya kukata utepe. Ningeongeza kwamba karoti zihifadhiwe nje ya pande zote mbili, hata kwenye kitivo cha polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na kumbukumbu za mizani ya malori. Gharama itaingia kwenye peaji, ndiyo. Mwaka wa saba, nyufa zikitokea, kabati lifunguliwe mbele ya mjenzi, serikali na wenye kamio.