Dipositi Si Kodi ya Mwezi wa Mwisho

"Mama, ya mwezi huu kata kwa dipositi." Ndivyo alivyoandikiwa mamangu na mpangaji wa nyumba yetu ya Kisauni, tena mkataba wake bado haujaisha. Hakuomba, ameamrisha. Na hiyo "Mama" ya mwanzo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Nikatumwa kuangalia hali. Mkewe akanifungulia kwa heshima zote, karibu chai, watoto hawajambo. Kwenye mlango wa chumba cha ndani imetundikwa kalenda, usawa wa goti. Jamani, nani anasoma tarehe amepiga magoti? Nikaiinua. Chini yake tundu la kupita mguu wa mtu mzima, na bila shaka ndio uliolitoboa. Jikoni vigae vimepasuka duara, saizi ya jiko la makaa. Soketi inaning'inia kwa nyaya zake. Chai sikunywa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wenye nyumba wengi wa Mombasa wanapoliwa. Ukikubali dipositi iwe kodi, umemsamehe mtu mlango, vigae na soketi kwa mpigo mmoja. Kodi isiyolipwa ina meno: sheria inakuruhusu kumtumia dalali mwenye leseni, akashika vyombo vya mpangaji mpaka deni lilipwe. Lakini kwa mlango uliopigwa teke dalali hana kazi. Hasara hiyo uende ukaidai kortini. Kwa hivyo hesabu ni rahisi: dipositi itengeneze nyumba, kodi ibaki kuwa deni. Wapangaji wajanja wanaijua hesabu hii kushinda sisi, ndiyo maana wanaomba igeuzwe. Tena wakishajua dipositi imekwisha, huo mwezi wa mwisho ndio wa kukaanga samaki sebuleni na kupigilia misumari kila ukuta.

Mtaniambia kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ipo, inapokea madai ya mali iliyoharibiwa hadi shilingi milioni moja, na inatakiwa iamue ndani ya siku 60. Vizuri sana. Ila mtu akishapakia vitu kwenye mkokoteni usiku wa manane, hati ya kuitwa kortini utampelekea wapi, ferini? Na lile baraza la kesi za wapangaji na wenye nyumba ni la nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni nyumba hiyo nihamie mimi.

Haya, najua mnachotaka kusema. Wapo wenye nyumba ambao dipositi ikiingia mfukoni haitoki, hata ukiiacha nyumba inang'aa watakutafutia alama ya msumari. Wapo wanaong'oa mlango au mabati na watu wamo ndani, na hao wanastahili kushtakiwa, sina la kuwatetea. Na maji yetu haya ya kisima yana chumvi inayokula mifereji, na rangi hubabuka kwa unyevu wa bahari hata nyumba ikiwa tupu. Hayo asilipizwe mpangaji. Lakini chumvi haijawahi kupiga mlango teke.

Picha zipigwe siku ya kuingia, pande zote mbili watie sahihi. Hilo halihitaji maneno mengi.

Mama, kwa huruma zake, alitaka yaishe. "Ana watoto," ananiambia. Na sisi je, fundi tutamlipa kwa dua? Nimemjibu mpangaji kwa maandishi: dipositi inakaa ilipo, kodi italipwa, na mlango utengenezwe kabla hajatoka. Ameusoma, hajajibu. Keyateka, mwangalizi wa nyumba, nimemwambia asilale fofofo wiki hizi.

Nyumba itakuwa wazi karibuni. Vyumba viwili, tangi juu, barabara iko karibu. Dipositi sasa ni ya miezi miwili, na anayepanga kuila mwezi wa mwisho asipoteze kredo kunipigia.