Hedifoni za kuzima kelele: tunazima injini au tunamzima jirani?

Ndege ilikuwa imeingia saa ya tano ya safari nilipoinua upande mmoja wa hedifoni ili nimjibu mhudumu. Mngurumo ukaniingia wote kwa mpigo, mzito, kama mtu amefungua mlango wa chumba cha jenereta. Kumbe saa zote tano nilikuwa nimeketi katikati ya mngurumo ule. Nilipomaliza kujibu nikarudisha hedifoni sikioni, na mabega yangu yakashuka yenyewe. Hapo ndipo nilipotambua kwamba yalikuwa yamepanda.

Naanza na hilo ili msomaji asidhani mimi ni adui wa vifaa hivi. Huu ni mwaka wa nne ninavitumia karibu kila siku, na nikivisahau nyumbani narudi kuvichukua. Lakini katika miaka hiyo vimenigharimu pia mambo ambayo sikuwahi kukubali kuyatoa. Wanaovisifu husema ni neema kwa akili iliyochoka. Wanaovilaumu husema vinaharibu masikio na kuua mazungumzo. Kila upande una hoja, ila nadhani wote wawili hawajauliza swali la kwanza: hedifoni hizi huzima nini hasa?

Wazo lenyewe ni la zamani. Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Ukiweza kutoa wimbi la pili linalovuta pale la kwanza linaposukuma, mawimbi hayo mawili hufutana. Mjerumani Paul Lueg aliliombea wazo hilo hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, nchini kwao mwaka 1933, na Marekani ikampa hataza mwaka 1936, lakini vifaa vya wakati ule havikuweza kulifikisha sikioni mwa mtu. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa chuo cha MIT, alikuwa akisafiri kutoka Zurich kwenda Boston. Akavaa hedifoni alizopewa ndani ya ndege, na injini ikamfunikia muziki. Akaanza kupiga hesabu za kifaa kipya akiwa angali angani. Mwaka 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager waliizunguka dunia kwa ndege ya Voyager bila kutua wala kujaza mafuta, siku tisa mfululizo, wakiwa na hedifoni za majaribio kutoka kampuni ya Bose ili wasitoke humo na masikio yaliyoharibika. Marubani wengine walianza kuuziwa hedifoni za namna hiyo mwaka 1989.

Kwa hiyo kifaa hiki kilizaliwa kupambana na injini, na injini ndiyo kinayoimudu mpaka leo. Maikrofoni ndogo husikiliza kelele ya nje, nyingine husikiliza kinachofika karibu na sikio, na kichakata huiamuru spika itoe wimbi la kinyume ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mngurumo wa herzi 100, yaani mitetemo mia moja kwa sekunde, una wimbi lenye urefu wa mita 3.4. Ukikosea sentimita mbili kwenye wimbi pana namna hiyo, si kitu. Bado unalifuta karibu lote. Sasa chukua konsonanti kama s au ch, ambazo nguvu yake iko kwenye herzi 3,000 na kupanda. Hapo wimbi lina sentimita 11 au pungufu, na kosa lile lile la sentimita mbili linatosha kulifanya wimbi la kinyume lisifute chochote. Ndiyo maana hedifoni nzuri zinaweza kupunguza mngurumo wa chini kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hadi 30, huku sauti za juu, yaani zile nyembamba, zikiachiwa sponji na ngozi ya kifaa zizuie kadiri ziwezavyo. Mlango unaobamizwa, kijiko kinachoanguka, mtoto anayelia: vyote hivyo hupita, kwa sababu vina sauti za juu au huja ghafla.

Mambo haya niliyaelewa ofisini kabla sijayasoma popote. Chumba chetu kina kiyoyozi kinachonguruma mchana kutwa, na meza ya pili kutoka kwangu yuko mwenzangu anayeongea na simu kwa saa nyingi, kwa sababu ndiyo kazi yake. Siku ya kwanza nilivaa hedifoni, nikabonyeza kitufe, kiyoyozi kikatoweka. Kisha nikamsikia mwenzangu akisema, "Mwambie asubiri mpaka Ijumaa," neno kwa neno, kama kaniinamia begani. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama inatoka kwenye redio ndogo ya betri, lakini kila silabi ilikuwa wazi kuliko nilivyowahi kuisikia. Nilivua nikajaribu tena. Hali ni ile ile. Kiyoyozi kilikuwa kimeyafunika maneno yake muda wote, nami nilikuwa nimelipa pesa ili kuliondoa lile pazia.

Hapa ndipo watu wengi hukatishwa tamaa na kuvirudisha vifaa dukani wakisema ni vibovu. Si vibovu. Wamepewa kifaa cha kuzima mashine, wakataka kizime watu. Na wasiovirudisha hufanya nilichofanya mimi: wanaweka muziki juu ya ule ukimya, kisha wanaupandisha hadi maneno ya jirani yazame. Wakifika hapo, faida kubwa kuliko zote za hedifoni hizi imeshamwagika.

Nayo faida hiyo nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu wanaozilaumu huipita haraka. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 ni salama kusikilizwa hadi saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa nne. Desibeli kumi tu, na muda umegawanywa kwa kumi, kwa kuwa kila desibeli kumi zinazoongezeka huzidisha nguvu ya sauti mara kumi. Ndani ya ndege iliyo angani kelele huwa karibu desibeli 80 hadi 85. Ukitaka kumsikia msimulizi kwenye simu yako juu ya kelele hiyo ukiwa na hedifoni za kawaida, huna budi kumpandisha aishinde, na mwisho wa safari umeyatwanga masikio yako kwa saa nane bila kuhisi maumivu yoyote. Mshale wa sauti kwenye simu yangu zamani ulikaa robo tatu kila niliposafiri. Sasa uko chini ya nusu, na nasikia vizuri zaidi. Usikivu ukishapotea kwa kelele haurudi, kwa hiyo jambo hili silichukulii kuwa anasa hata kidogo.

Kuna pia wale ambao kelele ya kawaida ni mateso kwao. Watu wengi wenye usonji hufikwa na sauti za sokoni, za darasani au za kituo cha basi zote kwa wakati mmoja bila chujio, na hedifoni hizi ndizo zinazowawezesha kutoka nyumbani. Ninapomwona mtoto amezivaa mahali pa watu wengi, simhukumu mzazi wake. Wapo pia wasiozistahimili kabisa: wakizivaa huhisi kama masikio yamezibwa, mfano wa ndege inapopanda, ingawa shinikizo la hewa halijabadilika. Hao waachwe na hedifoni zao za kawaida.

Twende upande wa pili, na hapa pana jambo linalonisumbua kweli. Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Walikuwa wameona kitu kuhusu ubongo: ukizoea sauti, huiweka kando. Kazi hiyo ya kuweka kando, pamoja na ya kumchagua msemaji mmoja katikati ya kumi, ni kazi kweli kweli, na mwanasayansi Colin Cherry aliipima tangu mwaka 1953 kwa kuwavalisha watu hedifoni na kuwapa maneno tofauti katika kila sikio. Swali ni hili: mtu anayekatiwa sauti za dunia kila siku, anabaki na uwezo huo wote?

Utafiti wa Craig Formby na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 unatoa dokezo. Watu wenye masikio mazima walivaa vizibo karibu usiku na mchana kwa wiki mbili. Walipovivua, sauti ambazo awali waliziona za wastani waliziona kubwa. Kundi lingine, lililosikilizishwa mvumo laini kwa muda huo huo, likawa stahimilivu zaidi. Sikio lililonyimwa sauti lilikuwa limejipandishia usikivu lenyewe. Kisha mapema mwaka 2025 wataalamu wa usikivu katika hospitali za umma nchini Uingereza waliiambia BBC kwamba wanapokea vijana zaidi ambao masikio yao ni mazima lakini wanashindwa kuyachambua maneno penye kelele, wakauliza kama kuvaa hedifoni hizi kupita kiasi kunachangia. Walisema wazi kwamba utafiti unahitajika. Nasisitiza hilo kwa sababu taarifa ile ilisambaa kana kwamba ni hukumu. Vizibo vya saa zote si sawa na hedifoni za saa tatu, na inawezekana kabisa kwamba mtu ambaye tayari anataabika kusikia penye kelele ndiye anayezikimbilia zaidi. Hata hivyo mimi binafsi nimepunguza. Baada ya mwezi mmoja wa kuzivaa tangu asubuhi hadi jioni, nilianza kukereka na saa ya ukutani ambayo ilikuwa pale miaka yote.

Kuhusu barabarani sina mengi ya kusema, kwani sioni mjadala. Gari linapokukaribia kwa nyuma, unalolisikia kwanza ni mvumo wa injini na matairi, yaani sauti ile ile ambayo kifaa kimetengenezwa kuifuta. Watengenezaji wameweka hali ya kupitisha sauti za nje, ambamo maikrofoni hukuletea mazingira badala ya kuyazima, na inasaidia kiasi. Ukiwa unavuka, vua. Na anayefanya kazi ya kusaga vyuma au kupiga nyundo asizitegemee hedifoni za muziki kama kinga. Zipo kinga zilizopimwa kwa kazi hiyo.

Gharama iliyoniuma zaidi haikuwa ya masikio. Nilifanyia kazi nyumbani kwa miezi kadhaa, na Mama alikuwa akikaa nami. Mwanzoni aliniita kutoka jikoni kwa jina langu, mara moja, mara mbili, akinyamaza kidogo kati ya wito na wito, kama alivyoniita tangu nikiwa mdogo. Sikusikia. Baada ya siku chache akawa anakuja mpaka mlangoni mwa chumba, anasimama, ananipungia mkono. Nikimwona, navua na kusema, "Abee, Mama." Nisipomwona, anageuka na kurudi zake. Sijui aligeuka mara ngapi. Hakulalamika hata siku moja, na ndiyo sababu nilichelewa kuona.

Mtetezi wa hedifoni atasema kosa ni la mtumiaji, kifaa hakina dhambi. Nakubali nusu. Mlango wa chumba ukifungwa, anayekuja anauona umefungwa na anabisha. Hedifoni hufunga mlango ambao mwenzako hauoni vizuri: hajui kama umezivaa kimyakimya, kama kuna muziki, kama unamsikia na unampuuza. Ninyi wawili mko chumba kimoja, lakini mmoja wenu tu ndiye anayejua umbali ulio kati yenu. Na upande wa pili wa hoja hii nao una uzito, kwa sababu wako wengi wanaoishi au kufanya kazi katika vyumba visivyo na mlango wowote wa kufunga. Kwao hedifoni ni ukuta pekee walio nao. Kumwambia mtu wa namna hiyo avue kwa sababu ya adabu ni kumwomba akubali kukatizwa wakati wowote na yeyote, na kazi inayohitaji fikra haifanyiki hivyo. Kama ofisi imewajaza watu arobaini kwenye ukumbi mmoja, lawama ya ukimya wao ianzie kwa aliyeupanga ukumbi.

Nikiweka yote kwenye mizani, naegemea upande wa kuzitumia, ila kwa kile kilichoziumba. Safarini nazivaa bila kusita: kwenye ndege, kwenye basi la usiku, karibu na jenereta, feni au kiyoyozi. Hapo zinafanya kazi ambayo sikio na ubongo havina sababu ya kuifanya, na zinaniruhusu kushusha sauti. Kwa maneno ya watu nimeacha kuzitumia. Mazungumzo ya mwenzangu yakinizidi, nahama meza au namwomba. Mara zote mbili nilizomwomba alihama yeye, akashangaa kwamba nilikuwa nikimsikia. Nyumbani nina saa mbili za asubuhi ambazo Mama anazijua, na zikiisha naziweka hedifoni juu ya meza ya sebuleni, mahali anapoziona.

Hilo la mwisho nalifanya huu mwezi wa tatu. Juzi nilikuwa nimekaa na kitabu, kichwa kitupu, dirisha wazi. Nilipoinua macho, Mama alikuwa amesimama mlangoni, ananipungia mkono.