Mitaa ya Kale ya Iringa: Gari Likizuiwa, Nani Hasa Anapoteza?

Siku ya kazi, saa mbili asubuhi, simama kwenye kona ya soko kuu la Iringa utazame miguu. Yaache magari. Utaona wanafunzi, vijana wa guta, akina mama wenye ndoo za parachichi kichwani, wazee waliojifunga makoti mazito kwa baridi ya Juni, na mama mwenye mtoto mgongoni anayewahi hospitali ya mkoa. Karibu wote wanatembea katikati ya barabara, wakipishana na bajaji na bodaboda, maana pembeni hakuna pa kupita. Baraza la duka limejaa bidhaa, mbele ya baraza kuna mtaro ulio wazi, na baada ya mtaro gari limeegeshwa.

Kila linapotajwa wazo la kuwarudishia waenda kwa miguu mtaa mmoja au miwili ya hapo, tuseme kuanzia sokoni kupita jamatkhana (nyumba ya ibada) ya Waismailia yenye mnara wa saa hadi upande wa Boma la Wajerumani, majibu huwa mawili. La kwanza, biashara itakufa. La pili, hayo ni mambo ya Ulaya na ya watalii. Nimeyasikia yote mawili kwa watu ninaowaheshimu, na la kwanza lina uzito kuliko wanavyokubali wengi wanaotetea upande ninaouelekea mimi. Ila yote mawili yamejengwa juu ya dhana moja ambayo haijachunguzwa, kwamba mteja wa Iringa huja na gari.

Tuanze na wenye maduka. Duka la jumla la katikati ya mji linaishi kwa mzigo. Katoni za sabuni, mabati, magunia ya sukari na mifuko ya saruji hushushwa na Fuso na kupakiwa kwenye pikapu zinazokwenda Kilolo, Pawaga na Isimani. Mpagazi analipwa kwa mzigo na kwa umbali, kwa hiyo ukilisogeza lori mita 200 kutoka mlangoni umepandisha gharama ya kila katoni, na mtu wa kijijini atailipa bila kujua kwa nini. Hilo ni hesabu halisi, wala halihitaji kupuuzwa kwa maneno matamu kuhusu miti na mabenchi. Bodaboda naye ana lake: kijiwe ndicho kiwanja chake cha kazi, na kijiwe kikihamishwa sehemu isiyo na abiria, marejesho ya pikipiki hayasubiri. Na hospitali ya mkoa iko pale pale karibu na katikati ya mji, hivyo mpango wowote usioacha njia ya gari la wagonjwa hauna haja ya kujadiliwa.

Kuna na kumbukumbu ya karibu. Mwaka 2021 lilipokuja agizo la kuwapanga machinga nchi nzima, wengi waliokuwa wakiuza kando ya barabara za mijini waliondolewa. Kwa mtu aliyewahi kubeba meza yake kichwani akiambiwa aende mahali ambako wateja hawapiti, neno "kupendeza kwa mji" lina maana moja tu: wewe uondoke. Mtu huyo akikataa habari ya mitaa ya waenda kwa miguu, hakatai maendeleo. Anakumbuka.

Hayo yote ni kweli, na bado naona upande wa pili haujasikilizwa sawasawa. Ninachotaka kukitazama kwa muda ni kitu kidogo sana: nafasi moja ya kuegesha gari.

Nafasi ya kawaida ya gari dogo ni kama mita mbili na nusu kwa tano, yaani mita za mraba 12.5. Kwenye mtaa wa kale wa Iringa hiyo ni sehemu kubwa ya upana wote wa mbele ya duka. Sasa angalia nani anaikalia. Mteja aliyekuja na gari kununua rangi au kitenge hakai hata nusu saa. Gari linalofika la kwanza asubuhi na kuondoka la mwisho jioni, mara nyingi sana, ni la mwenye duka mwenyewe, au la mfanyakazi wa ofisi ya jirani. Kwa maneno mengine, mlango wa duka umezibwa kutwa nzima na mtu asiyenunua chochote humo. Mama wa Kihesa aliyeshuka daladala akitaka sufuria inabidi azunguke gari, aruke mtaro, ajipenyeze kati ya madumu na mabeseni yaliyopangwa barazani, ndipo aulize bei. Akishindwa, anakwenda duka la mbele. Hasara hiyo haiandikwi kwenye daftari la mtu yeyote, kwa sababu mteja aliyepita bila kuingia haonekani kama mteja aliyepotea.

Kwenye mita hizo 12.5 zinaingia meza tano za mita moja kwa mbili. Sisemi zijazwe meza, maana hapo waenda kwa miguu watakosa njia vilevile. Nasema tukilinganisha, nafasi ile ile inaweza kuwapa riziki watu kadhaa wakati wengine wanapita, na leo inatunza chuma kimoja kilicholala. Anayedai kwamba kuondoa maegesho ni kuua biashara anatakiwa kwanza aonyeshe kuwa maegesho hayo yanatumiwa na wanunuzi. Hadi sasa sijaona mtu akianzia hapo.

Iringa ina bahati ambayo Mbeya haina. Kule Mbeya barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia inakatiza jiji lenyewe, kupita Uyole na Mwanjelwa, na malori ya shaba yanapigania lami na daladala. Iringa barabara hiyo inapita bondeni, Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo, na mji uko juu mlimani. Lori la Lusaka halina shughuli yoyote na mitaa ya sokoni. Ni kweli kwamba barabara ya kwenda Dodoma kupitia Mtera inapanda hadi mjini, kwa hiyo Uhuru Avenue haiwezi kufungwa na hakuna mwenye akili timamu anayependekeza hivyo. Lakini mitaa mifupi iliyo nyuma yake, inayoshuka na kupanda kuzunguka soko, haimpeleki mtu popote isipokuwa kwenye maduka hayo hayo. Ukiizuia kwa gari saa za mchana humzuii msafiri yeyote.

Kuhusu Ulaya na watalii, hili linaniuma zaidi. Ni kweli mtalii anayekwenda Hifadhi ya Ruaha hulala usiku mmoja Iringa, hupita Boma, ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, hununua kikapu na kuendelea na safari. Kama mtaa ungetengenezwa kwa ajili yake peke yake, ningekuwa wa kwanza kupinga. Lakini waliojenga zile nyumba zenye baraza pana mbele hawakuwa wakimngoja mtalii. Wafanyabiashara wa Kihindi waliezeka mabati juu ya baraza ili mteja aliyetembea kutoka mashambani apate kivuli wakati wa jua na asilowe wakati wa masika. Baraza ndiyo njia yetu ya kale ya waenda kwa miguu, kabla neno hilo halijaingia kwenye michoro ya mainjinia. Tumeijaza mizigo, tumeizungushia nondo, kisha tunasema kutembea ni utamaduni wa kigeni.

Tena wako watu ambao hata kuruka mtaro hawawezi. Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono iliyoanza 2003, imeuzoesha mji huu kuwaona watu wenye ulemavu wakiwa kazini, wakifuma, wakihudumia, wakipokea mshahara. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Lakini mtu mwenye kiti cha magurudumu akitaka kutoka sokoni hadi Boma lazima ashuke barabarani pamoja na bodaboda, kwa sababu kila baraza ina kimo chake na kati ya moja na nyingine kuna ngazi. Anayesema mji hauhitaji njia za miguu hajawahi kumsukuma mtu kwenye kiti pale kwenye mteremko.

Nyumba zenyewe zina tatizo lisilojulikana sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Mji wa Iringa tunaouona ulianza miaka ya 1890, Wajerumani walipoweka ngome yao baada ya kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa. Maana yake ni kwamba jengo la katikati ya mji huu halilindwi kwa umri wake hata kama babu wa babu alinunua chumvi hapo. Ni mpaka litangazwe rasmi. Lisipotangazwa, kinachobaki kulilinda ni faida yake kwa mwenyewe, na mwenye kiwanja anayeona kwamba kitu pekee chenye thamani mbele ya nyumba yake ni nafasi ya gari atalibomoa na kujenga ghorofa la vioo lisilo na baraza. Amefanya hesabu kwa takwimu alizopewa. Mtaa wenye watu wanaotembea taratibu, wakisimama na kuangalia, unairudishia baraza thamani yake.

Wanaopinga wana mfano mmoja mzuri kuliko yote, nao ni Kigali. Mwaka 2015 sehemu ya katikati ya jiji ilifungwa kwa magari. Kwa miaka kadhaa ilibaki lami tupu chini ya jua kali, na wafanyabiashara wa jirani walilalamika kwamba wateja wamehama. Hawakuwa waongo. Uhai ulianza kurudi pale sehemu hiyo ilipotengenezwa upya, ikawekwa miti, viti na vibanda, na 2022 ikafunguliwa kwa jina la Imbuga City Walk. Wengine huutumia mfano huo kusema wazo zima ni bovu. Mimi nausoma hivi: ukiweka kizuizi bila kuweka kivuli, umewaondoa wenye magari na hujawakaribisha wenye miguu. Wafanyabiashara wa Kigali walilipia miaka hiyo ya katikati, na wa Iringa wana haki ya kukataa kulipia yao.

Ndiyo maana singependa kuona mtaa wowote wa Iringa ukifungwa kwa tangazo la usiku mmoja. Mzigo ushushwe mpaka saa tatu asubuhi na tena baada ya saa kumi na moja jioni, Fuso lifike mlangoni kabisa, na mpagazi asipoteze senti. Vijiwe vya bodaboda vibaki kwenye midomo ya mitaa hiyo, mahali ambapo mwenye mzigo mkononi anatokea. Machinga waliopo wapewe nafasi zilizochorwa kabla ya kizuizi kuwekwa, kwa majina yao, na si baada ya kuondolewa. Njia ya gari la wagonjwa iachwe wazi saa zote. Na jaribio lipitie masika, kwa sababu mpango unaofanya kazi Agosti kukiwa kukavu unaweza kushindwa Februari.

Kikwazo kikubwa hakipo kwa wenye maduka. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini iliyoanza 2017, ndiyo yenye barabara hizo. Halmashauri ina masoko na wafanyabiashara. Mambo ya kale yana wizara yake. Kasi na maegesho mabaya ni ya polisi wa usalama barabarani. Mtaro mmoja wa mita 80 mbele ya maduka una wenyewe wanne na hauna mfuniko.

Mimi ningeanza na mfuniko huo. Zege juu ya mtaro, kutoka soko kuu hadi kwenye mnara wa saa, pande zote mbili, na mabaraza yaunganishwe kwa mteremko badala ya ngazi. Hakuna gari litakalozuiwa kwa kazi hiyo, hakuna meza itakayobebwa, na mwenye duka hatapoteza hata mteja mmoja. Kisha tukae mwaka mzima tuhesabu wanaoingia madukani, tuwaulize wamefikaje mjini, na mazungumzo ya kufunga mtaa yaanzie kwenye majibu yao.