Hata Klipu Moja Haikuvunjika

Shemeji yangu ana imani isiyotikisika kwamba kila kitu kwenye gari hutoka ukikivuta vya kutosha. Mimi nilitaka kutoa fremu ya dashibodi tu, ile inayozunguka redio na kushuka hadi kwenye gia. Gari lenyewe la zamani, na plastiki iliyopigwa jua miaka mingi kupitia kioo cha mbele hukauka kama biskuti. Klipu zake hukatika hata ukizikemea.

Nikajipanga. Nilibandika utepe wa karatasi pembezoni, nikapasha plastiki moto kidogo kwa draya ya nywele ili ilegee, nikachonga kijiti cha plastiki cha kubanjulia, maana bisibisi huacha makovu. Nilipochomoa kisahani cha majivu nikakuta skrubu mbili zimejificha nyuma yake. Hizo ndizo zinazopasua fremu za watu: mtu anavuta, anatukana, kumbe bado imefungwa.

Shemeji akaingia kiti cha abiria bila kualikwa.

"Tuchomoe betri kwanza," nikasema.

"Shemeji, tunatoa plastiki, hatushushi injini."

Klipu za juu zikaachia moja moja, tak, tak, raha tupu. Chini ikagoma, gia imeizuia. Nikalala chali kuchungulia waya, kichwa chini ya usukani, miguu ikining'inia nje ya mlango. Nikasikia sauti juu yangu: "Ngoja nikusogezee hii gia."

"Usi..." ndiyo niliyowahi kutamka. Hendibreki ya gari hili ilishastaafu. Huwa linaegeshwa kwa gia, na pale palikuwa na mteremko.

Likaanza kurudi nyuma taratibu, bila haraka yoyote, kama limeaga. Shemeji katika kutafuta cha kushika akaikumbatia fremu, na kidole chake kikabonyeza hazadi. Kwa hiyo mtu asituseme vibaya: tulirudi kinyumenyume huku taa za tahadhari zinawaka, kistaarabu kabisa. Miguu yangu huko nje ilikuwa ikitembea yenyewe. Ukiwa chali pedeli zote zinafanana, nikakandamiza klachi kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote. Nilipoipata breki, ukuta nao ulikuwa umeshatupata.

Pu! Shemeji akarushwa kwenye kiti, fremu mikononi, soketi ya hazadi imechomoka. Taa zikazima. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wa indiketa hupitia swichi hiyo hiyo, basi nazo zikawa zimekwenda.

Mke wangu akatoka mbio. "Kuna aliyeumia?"

Shemeji akainua fremu juu kwa mikono miwili. "Dada, hata klipu moja haikuvunjika!"

Na kweli, nilizihesabu, zote zilikuwepo. Mke wangu alikuwa ameinama nyuma ya gari, anaokota vipande vyekundu.

"Sasa shemeji," jamaa akaninong'oneza, "hiyo taa ya nyuma tutaitoaje?"

"Imeshatoka," mke wangu akajibu.